Filamu nne za anga za juu kwenye darasa la Dar: ipi inafundisha, ipi inakula kipindi

Gravity ina dakika 91. Vipindi viwili vya sekondari vikiunganishwa vinafika dakika 80. The Martian inavuka saa mbili na dakika ishirini, Armageddon ni saa mbili na nusu, Interstellar inakaribia saa tatu. Hakuna hata moja inayoingia kwenye ratiba. Mwalimu anayeiwasha filamu kuanzia mwanzo, kengele itamkuta katikati ya mkasa, hajafundisha kitu, na darasa la jirani limeshakuja kulalamikia kelele.

Hukumu tuitoe mapema. Shule yenye uwezo wa kununua filamu moja inunue Gravity. The Martian ni ya pili, na kama mwalimu wa Kemia na wa Fizikia wanaelewana, pengo kati ya hizo mbili ni dogo. Armageddon ndiyo mbovu kisayansi kuliko zote, na bado ina kipindi kimoja kitamu sana ndani yake. Interstellar inapendeza macho, lakini kwa Kidato cha Nne ina vipande viwili tu vya kukata.

Kila filamu imepimwa kwa swali moja: kuna kipande cha dakika tatu hadi sita ambacho mwanafunzi anaweza kukikagua kwa hesabu anazozijua, au kwa kifaa cha bei ya gololi? Darasani, kosa linalopimika lina faida kuliko picha sahihi. Ukimwambia mwanafunzi "hapa wamepatia", anaitikia na kuegemea dawati. Ukimwambia "hapa wametudanganya, tafuta wamedanganya kwa kiasi gani", anaomba kalamu kwa jirani.

Nakala ya kutafsiriwa isiingie darasani

Muvi za kutafsiriwa zinapendwa Dar, na wanaozitafsiri wana kipaji cha kweli. Wanajua pa kuchekesha, wanajua pa kuongeza chumvi. Tatizo ni kwamba sayansi ya Gravity imekaa kwenye ukimya. Filamu inaanza na maandishi yanayosema kwamba huko juu hakuna cha kusafirisha sauti, kisha inalitunza neno lake: chombo cha anga kinasambaratika vipandevipande na hausikii mlipuko wowote, ni muziki tu na mtetemo hafifu unaomfikia mwanaanga kupitia mikono yake iliyoshika chuma. Mtafsiri akiingiza "Oyaaa, kimenuka!" juu ya pale, kipande chote kimekufa.

Tumia nakala yenye sauti yake, uandike maandishi ya Kiswahili mwenyewe kwa kile kipande tu unachokitaka. Dakika tano za mazungumzo ni mistari sitini hivi, kazi ya jioni moja. Fungua Notepad. Andika namba ya mstari, chini yake muda wa kuanza na kuisha kwa mtindo huu: 00:12:05,000 --> 00:12:08,500, chini yake maneno yenyewe, kisha ruka mstari mmoja. Hifadhi kwa usimbaji wa UTF-8, kwa jina lilelile la faili la filamu, mwishoni .srt. Makosa mawili ndiyo yanayorudi kila mara: kuweka nukta badala ya mkato kabla ya zile tarakimu tatu za mwisho, na Notepad kuongeza .txt kimyakimya baada ya .srt, ukabaki unashangaa mbona maandishi hayatokei. Maneno yakitangulia au kuchelewa, kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza G au H kuyasogeza.

Kwenye tafsiri jihadhari na neno "mwendokasi". Kwenye kitabu ni kasi ya kitu. Kwa mtoto wa Dar ni basi la Kimara. Darasa litacheka. Waache wacheke, halafu uendelee. Tutalirudia neno hilo kwenye Armageddon.

Gravity

Anza na kuelea. Wanafunzi wengi, na watu wazima wengi pia, wanaamini wanaanga wanaelea kwa sababu huko juu mvutano wa dunia umekwisha. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kilomita kama 400 juu ya vichwa vyetu, pungufu ya safari ya Dar kwenda Dodoma kwa barabara. Andika ubaoni: 9.8 × (6,371 ÷ 6,771)². Jibu ni 8.7. Karibu asilimia 89 ya mvutano wa Kariakoo bado upo kule. Wanaelea kwa sababu kituo na kila kilichomo vinaanguka kwa pamoja, huku vikikimbia pembeni kilomita 7.7 kwa sekunde, kiasi kwamba dunia nayo inajipinda chini yao na hawaifikii.

Hesabu peke yake haimtoshi mtu aliyeamini kinyume miaka kumi. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa tundu moja karibu na kitako kwa msumari uliopashwa moto, upana wa milimita nne. Jaza maji, kidole kwenye tundu, kifuniko kiwe kimeondolewa. Simama juu ya dawati, toa kidole ili darasa lione maji yanavyoruka, kisha iachie chupa. Ikiwa inaanguka, maji hayatoki. Chupa na maji vinaanguka sawasawa, maji hayana sababu ya kuiegemea chupa. Kutoka mita mbili una sekunde 0.64 tu, kwa hiyo mwanafunzi mmoja arekodi kwa simu yenye mwendo wa polepole, na mnaitazama pamoja. Mambo yanayoharibu: kifuniko kikiwa kimefungwa, maji hayatoki hata chupa ikiwa mkononi, na onyesho halithibitishi chochote, tundu likiwa dogo mno, kamera haioni kitu, na chupa ikisukumwa badala ya kuachiwa, inapinduka njiani. Weka ndoo chini. Sakafu ya saruji ikilowa, kuna mtu ataanguka bila kuelea.

Kipande cha pili ndicho kinachobishaniwa zaidi. Wanaanga wawili wameunganishwa kwa kamba, mguu wa mmoja umenasa kwenye kamba za mwamvuli wa chombo cha Soyuz, wamesimama. Yule mzoefu anaifungua kamba yake ili amwokoe mwenzake, na anakwenda zake kana kwamba kuna kitu kinamvuta. Kitu gani? Wameshasimama. Kuanzia hapo angetosha kuvutwa kidogo tu, kama unavyovuta mlango, arudi. Kuna wanaoitetea filamu kwamba kituo kilikuwa kinazunguka, hivyo kuna kani ya kumtupa nje. Usitoe jibu. Rudisha kipande, wape wanafunzi kazi ya kutazama nyota na dunia nyuma ya wale wawili: zinahama au zimetulia? Hoja inakaguliwa kwa macho, na hapo ndipo utawaona wasiokuwa na habari na Fizikia wakisogea mbele. Viti viwili vya ofisi vyenye magurudumu na kamba ya katani vinamaliza ubishi: waliokaa wakivuta kidogo tu, wanakaribiana wote wawili.

Kinachofuata kinahitaji mpira wa miguu na chaki. Katika filamu wanatoka darubini ya Hubble kwenda Kituo cha Kimataifa kwa mkoba wa mgongoni wenye vijitundu vya gesi. Hubble inazunguka kwenye njia iliyoinama nyuzi 28.5, kwa sababu ilirushwa kutoka Florida na hiyo ndiyo latitudo ya pale. Kituo kimeinama nyuzi 51.6, ili roketi za Urusi kutoka Baikonur nazo zikifikie. Chora duara hizo mbili juu ya mpira. Zinakatana sehemu mbili tu, na hata pale zinapokatana kila mmoja ana uelekeo wake, kama magari mawili kwenye makutano ya Ubungo. Kuhama njia moja kwenda nyingine, tukichukua pembe ndogo kabisa inayowezekana ya nyuzi 23.1, unahitaji 2 × 7.6 × sin 11.55°, yaani kilomita 3 kwa sekunde. Mkoba halisi wa aina ile, ambao wanaanga waliutumia mwaka 1984, uliweza kubadili kasi kwa mita 25 hivi kwa sekunde. Umepungukiwa mara 120. Kidato cha Tano na Sita wakipata jibu hilo wenyewe, hawalisahau.

Kinachoisukuma filamu ni vipande vya setilaiti vinavyorudi kila baada ya dakika 90, navyo si uzushi. China iliipiga setilaiti yake mwaka 2007, Urusi ikafanya hivyo Novemba 2021, na mwaka 2009 setilaiti mbili, Iridium 33 na Kosmos 2251, ziligongana zenyewe. Hesabu inayoshtua ni hii: gramu moja ikienda kilomita 10 kwa sekunde ina nishati mwendo ya jouli 50,000. Gari dogo kama IST, lenye uzito wa takriban tani moja, linafika jouli hizo likienda kilomita 36 kwa saa. Gramu moja ni kama kibanio kidogo cha karatasi.

Chozi linaloelea mbele ya uso ni kosa dogo lenye somo kubwa: kwenye hali ya kutokuwa na uzito, mvutano wa uso wa maji unalishika chozi kwenye jicho, linakusanyika kama tonge la maji. Mwaka 2013, uleule ambao filamu ilitoka, mwanaanga wa Kanada Chris Hadfield alikamua kitambaa kilicholowa ndani ya kituo, na maji yakabaki yamemng'ang'ania mikononi. Video hiyo ni ya bure. Zitazame zikifuatana.

Tahadhari mbili kwa mwalimu wa kidato cha chini. Kuna maiti yenye tundu usoni, inatokea ghafla. Na kuna mahali mwanaanga wa kike anavua suti akiwa na fulana na kaptura fupi tu ndani. Mwanaanga halisi chini ya suti huvaa vazi zima lililoshonewa mirija ya maji ya kumpoza. Kata au eleza, lakini usikutwe hujajiandaa.

Vifaa

Filamu za anga zina weusi mwingi, na madarasa yetu yana madirisha makubwa. Hilo ndilo tatizo kuu, kuliko hata umeme. Projekta ya lumeni 3,000 inaonyesha vizuri katuni darasani mchana, lakini Gravity itakuwa kijivu mtupu. Chagua chumba ambacho madirisha yake yanatazama magharibi, ukitumie asubuhi. Ziba kwa turubai au nailoni nyeusi ya bustani. Kanga haitoshi, inapitisha mwanga. Shuka jeupe lililopigwa pasi na kuvutwa pembe nne linafaa kama skrini, picha iwe na upana usiopungua mita mbili kama darasa ni la wanafunzi sitini. Televisheni ya inchi 43 inahudumia ishirini na tano, waliobaki wanaona migongo.

Msimu wa masika, bati likipigwa na mvua, spika ya kompyuta ndogo haisikiki hata dawati la pili. Hapo hata ule ukimya wa Gravity unapotea. Spika ya nje ni lazima.

Faili lenyewe nalo lina vituko. Flashi nyingi zinatoka dukani zikiwa za mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi GB 4. Ujumbe unasema faili ni kubwa mno wakati flashi iko tupu. Iformati kwa exFAT, au tafuta nakala ya 720p, ambayo kwa skrini ya shuka inatosha kabisa. Televisheni ya zamani ikitoa sauti bila picha, faili limebanwa kwa H.265, libadilishe kuwa H.264 nyumbani, usijaribu mbele ya darasa. Kwenye VLC, Ctrl+T inakupeleka moja kwa moja kwenye dakika unayotaka, na herufi E inasogeza fremu moja moja. Hiyo E ndiyo chombo cha maabara kwenye filamu inayofuata.

The Martian

Filamu nzima imesimama juu ya kosa moja, na mwandishi wa riwaya yake, Andy Weir, amelikiri hadharani. Dhoruba ya Mars inakaribia kuiangusha roketi, wenzake wanakimbia, mtu mmoja anabaki. Riwaya inataja upepo wa kilomita 175 kwa saa. Hewa ya Mars ina densiti ya kilo 0.02 kwa mita ya ujazo. Yetu ni 1.2. Tofauti ni mara 60, na msukumo wa upepo unafuata kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo gawanya 175 kwa kipeuo cha pili cha 60. Unapata kilomita 22 na ushee kwa saa. Huo ni upepo wa alasiri pale Coco Beach, unaopeperusha kanga na kuzima kiberiti cha muuza mihogo. Roketi haiangushi.

Vumbi lakini ni la kweli. Dhoruba ya mwaka 2018 ilifunika Mars yote, ikaikosesha jua rova ya Opportunity, nayo haikuamka tena. Mwanafunzi atauliza: kama upepo hauna nguvu, vumbi linapandaje? Chembe zake ni laini mno, na mvutano wa Mars ni asilimia 38 tu ya wetu.

Na hapo ndipo kosa la pili lilipojificha, ambalo watazamaji wengi hawalioni. Waigizaji wanatembea na vitu vinaanguka kana kwamba wako duniani, kwa sababu walikuwa duniani. Tafuta mahali ambapo kitu kinaanguka kutoka mkononi, kamera imetulia, hakuna mkato wa picha katikati. Kadiria kimo kwa kumlinganisha na mwili wa mwigizaji. Kutoka mita 1.5, duniani kitu kinachukua sekunde 0.55, Mars kingechukua 0.90. Kwenye filamu ya fremu 24 kwa sekunde hizo ni fremu 13 na fremu 22. Bonyeza E, darasa lihesabu kwa sauti. Kabla ya hapo angalia kwenye taarifa za faili kama kweli ni fremu 24, kwa sababu nakala nyingine zimegeuzwa kuwa 25 au 30, na kama picha imepunguzwa kasi makusudi utagundua kwa jinsi mtu anavyopepesa macho. Kosa la makadirio ya kimo likiwa asilimia kumi, muda unapotoka kwa asilimia tano tu, kwa hiyo 13 na 22 haziwezi kuchanganywa.

Kulinganisha na kitu halisi, tafuta video ya Apollo 15. Agosti 2, 1971, David Scott aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja juu ya Mwezi, kutoka kama mita 1.6. Vinatua sawia, baada ya sekunde 1.4 hivi. Video za NASA hazina malipo, nazo hazijaigizwa.

Kemia yake ni safi kuliko tulivyotarajia. Yule aliyebaki anapitisha haidrazini, mafuta ya roketi, kwenye kichocheo cha iridiamu, N₂H₄ inavunjika kuwa N₂ na 2H₂, haidrojeni inaunguzwa na oksijeni, anapata maji ya kumwagilia viazi. Gramu 32 za haidrazini zinatoa gramu 36 za maji. Kilo moja inatoa kilo 1.125. Mole, uwiano, usalama wa maabara, vyote kwenye dakika nne, na mlipuko unaomrusha unaonyesha kwa nini haidrojeni haichezewi. Haidrazini ni sumu kali. Onyesho la darasani liishie kwenye neli moja ya haidrojeni na njiti inayolia "pop". Alichokiacha mwandishi ni perkloreti, chumvi ambazo chombo cha Phoenix kilizigundua kwenye udongo wa Mars mwaka 2008. Viazi vile bila kuuosha udongo kwanza ni hatari kwa mlaji.

Walimu wa kompyuta wasipitwe na sehemu ya kamera ya Pathfinder, chombo cha zamani cha NASA: dunia inamtumia yule aliyebaki ujumbe kwa kuielekeza kamera hiyo kwenye alama alizozipanga kuizunguka. Herufi 26 kuzunguka duara zinaachiana chini ya nyuzi 14, kamera inachanganya. Tarakimu 16 za heksadesimali zinaachiana nyuzi 22.5. Toa jedwali la ASCII, linaloipa kila herufi namba yake ya kompyuta, na wape waandike HABARI: 48 41 42 41 52 49. Chora duara uwanjani kwa chokaa, mwanafunzi mmoja awe kamera, na kila ujumbe ucheleweshwe dakika tatu kwa saa ya mkononi. Tatu ndiyo hali nzuri kabisa. Mars ikiwa mbali, mawimbi yanachukua hadi dakika 22 kwenda tu.

Mwigizaji mkuu anaonekana uchi kwa nyuma kwa muda mfupi, na matusi yapo hapa na pale. Kwa vipande vilivyotajwa hapa huhitaji kuyapitia.

Interstellar

Msaada wa kisayansi ulitoka kwa Kip Thorne, aliyepata Nobel ya Fizikia mwaka 2017, na inaonekana. Shimo jeusi la filamu hii lilichorwa kwa milinganyo halisi ya jinsi mwanga unavyopindishwa. Lakini kwa Kidato cha Nne milinganyo hiyo haishikiki, na kipande kisichokaguliwa kinabaki burudani.

Saa moja kwenye ile sayari ya maji ni miaka saba duniani. Usipambane na namba hiyo. Shuka nayo hadi kwenye simu: saa za setilaiti za GPS, kwa sababu ya mvutano na kasi vikichanganywa, zinatangulia saa za ardhini kwa maikrosekunde 38 kila siku. Zidisha kwa kasi ya mwanga, unapata zaidi ya kilomita 11. Bila masahihisho ya Einstein, baada ya siku moja ramani ya bodaboda aliyeegesha Posta ingeweza kumweka Mwenge.

Cha pili ni lile wimbi refu kama mlima. Tumia hilo kuingilia maji kujaa na kupwa, somo ambalo mtoto wa Msasani au Kigamboni ameshalijua nusu kabla ya kuingia darasani. Bamvua na maji mafu ni maneno ya wavuvi, hayahitaji tafsiri ya kitabu. Kani ya kujaa na kupwa inapungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Ndiyo maana Mwezi mdogo ulio karibu unalishinda Jua kubwa lililo mbali. Wape jedwali la maji la mwezi mmoja, wachore kimo dhidi ya tarehe, watafute wenyewe bamvua inaangukia mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Na ukitaja shimo jeusi usiache kutaja Malindi. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na pale, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei ya anga. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vya kitu kinachoitwa Cygnus X-1 vilisaidia kukifanya kiwe mgombea wa kwanza thabiti wa shimo jeusi. Pwani hii hii.

Armageddon

Asteroidi yenye ukubwa wa jimbo la Texas inagundulika ikiwa imebaki siku 18. Upana wa Texas ni kama kilomita 1,200. Ceres, kubwa kuliko zote kwenye ukanda wa asteroidi, ina kilomita 940 hivi, na Piazzi aliiona mwaka 1801 kwa darubini ya enzi hizo. Kwa hiyo filamu inataka tuamini kwamba kitu kikubwa kuliko Ceres kimetupita machoni. Kidato cha Sita wanaweza kwenda mbali zaidi: kwa nusu kipenyo cha kilomita 600 na densiti ya miamba ya kawaida, nishati ya kulisambaratisha jiwe hilo lisijikusanye tena ni kama jouli 5 × 10²⁶. Bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa, la Kisovieti la mwaka 1961, lilitoa kama 2 × 10¹⁷. Unahitaji zaidi ya bilioni mbili. Wachimba mafuta waliotumwa kuiokoa dunia walililipua kwa moja.

Baada ya kicheko hicho ndipo unaingiza DART. Ndiyo, jina lilelile la wakala wa mabasi yetu ya mwendokasi. Septemba 26, 2022, chombo cha NASA cha jina hilo, kilo 580 hivi, kiliigonga Dimorphos, jiwe la upana wa mita kama 160, kwa kilomita 6.1 kwa sekunde. Mzunguko wake kuzunguka jiwe kubwa zaidi, Didymos, uliokuwa wa saa 11 na dakika 55, ukapungua dakika 32. Wape wanafunzi uzito wa jiwe, kama kilo bilioni 4.3, watafute badiliko la kasi kwa kanuni ya kutunza momenta. Watapata milimita 0.8 kwa sekunde. Kipimo halisi ni 2.7. Usiwaambie mapema kwamba watakosea. Jibu liko kwenye mawe na vumbi lililotimka nyuma baada ya pigo, likaisukuma Dimorphos mara nyingine, na hilo linaonekana kwenye beseni la mchanga: angusha gololi kutoka mita moja kwenye mchanga mkavu uliotandazwa juu ya gazeti, halafu kwenye mchanga uliolowa, upime chembe zimeruka hadi wapi.

Milimita 2.7 kwa sekunde ni mwendo wa konokono. Zidisha kwa sekunde zilizomo kwenye miaka kumi, unapata zaidi ya kilomita 850. Hiyo ndiyo tofauti ya kuliona jiwe miaka kumi kabla na kuliona siku 18 kabla, na hakuna haja ya mtu kufa akiwa ameshika kitufe.

Picha ya kimondo cha Mbozi, chuma kitupu cha zaidi ya tani kumi kilichokaa Songwe, ikae ubaoni kipindi chote. Na kwa darasa lenye Kidato cha Kwanza, kuna miadi halisi: Apophis, jiwe la mita kama 340, litapita kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini, chini ya setilaiti za ving'amuzi, usiku wa Ijumaa Aprili 13, 2029. Halitugongi. Litaonekana kwa macho matupu kutoka Afrika, likisogea polepole kati ya nyota, na litakuwa karibu kabisa saa sita na dakika 46 za usiku kuamkia Jumamosi. Aprili Dar ni masika, mawingu yanaweza kulala wiki nzima. Shule inayotaka kuliona kweli ianze sasa kuchangisha nauli ya treni ya Dodoma.